Milango Miwili ya Mbio za Boston



Katika mbio ndefu za miji mikubwa kuna ugomvi usiokwisha. Upande mmoja wapo waliofanya mazoezi miaka mingi ili wapunguze dakika chache; upande wa pili wapo wanaokimbia polepole ili kukusanya fedha za wagonjwa na wahitaji. Nafasi haziwatoshi wote. Tuutazame ugomvi huo mjini Boston, Marekani, mahali unapoonekana wazi.

Mbio za Boston zilianza mwaka 1897. Tangu mwaka 1970, anayetaka kuingia hutakiwa kuwa na muda uliowekwa. Kwa mbio za mwaka 2025, mwanaume wa miaka 18 hadi 34 alitakiwa awe amekwisha kukimbia kilometa 42 kwa muda wa saa 3. Lakini waombaji walizidi nafasi, hata ikabidi kila mmoja awe ameushinda muda wa rika lake kwa dakika 6 na sekunde 51. Kijana mwenye saa 2 na dakika 55 aliachwa nje. Wakati huohuo, kama ilivyo desturi tangu 1989, wengine waliingia kwa mlango wa pili: hawakuulizwa muda, bali waliahidi kukusanya angalau dola 5,000 kwa ajili ya shirika la msaada.

Hatuthubutu kuwadharau hao. Mwaka 2024 mbio hizo zilikusanya zaidi ya dola milioni 70. Mgonjwa aliyetibiwa kwa fedha hizo haulizi mkimbiaji alifika wa ngapi.

Hata hivyo, tuseme na lile ambalo wengi huliogopa. Kukusanya dola 5,000 kwataka marafiki wenye uwezo. Kijana wa jamaa maskini hana marafiki wa namna hiyo. Ana miguu yake na alfajiri zake. Saa ya mbio haimwulizi jina la baba yake. Basi mlango wa muda, unaodhaniwa kuwa wa wenye majivuno, ndio mlango wa asiye na mtu. Anayeufinya kwa jina la huruma ajihadhari asije akamsukuma mnyonge mmoja ili amsaidie mwingine. Sisi tulioifanya kazi ya ualimu tunalifahamu jambo hili: mwanafunzi aliyeshinda mtihani kwa jasho huumia akikosa kiti, hata kama aliyekikalia ni mtu mwema.

Dick Hoyt alikuwa akimsukuma katika kiti cha magurudumu mwanawe Rick, asiyeweza kutembea. Mwaka 1981 walikimbia Boston bila nafasi rasmi. Walipoomba kukubaliwa, walitakiwa kutimiza muda wa rika la mwana, uliokuwa mkali kuliko wa baba. Mwaka 1983, huko Washington, walimaliza kwa saa 2 na dakika 45, wakapata nafasi yao. Hatumdai kila mwenye huruma afanye hivyo; lakini baba huyo alionyesha kwamba upendo na juhudi si maadui.

Kwa maoni yetu, milango yote miwili ibaki wazi. Nafasi za msaada zihesabiwe na kutangazwa mapema, zisiongezwe kwa kuwapunguza waliotimiza muda. Anayezipokea ajiandae kwa bidii, kwa heshima ya yule aliyeachwa nje. Na mwenye mbio naye akusanye fedha, maana wepesi wa miguu haumzuii mtu kuwakumbuka wagonjwa.