Eti rangi ni rangi?

Leo naomba niseme na wanaofuga ndege nyumbani, hasa ndugu zangu wa Kyela mjini, Ipinda na Matema, ambako kitu cha chuma kinashika kutu kabla hujamaliza kulipia deni lake. Mvua ya kule inazidi milimita 2000 kwa mwaka, halafu kuna joto la ziwani. Tundu la kasuku haliwezi kupona. Basi mwenye nyumba anafanya kile tunachofanya wengi: anatafuta rangi iliyobaki. Iliyobaki kwenye geti, kwenye mtumbwi, kwenye dirisha la dukani. Anapaka jioni, asubuhi ndege karudi ndani. Ukiuliza, jibu moja tu: "Rangi ni rangi."

Jamani, hapana.

Kwanza ile harufu. Ndege ana mifuko ya hewa iliyoungana na mapafu yake, na hewa mbaya inamfikia haraka kuliko inavyokufikia wewe. Waingereza walilijua hilo, ndiyo maana walishuka na ndege wadogo kwenye migodi ya makaa ya mawe mpaka mwaka 1986. Ndege akianguka, watu wanakimbia. Sisi tunachanganya rangi ya mafuta na tina, tunapaka sebuleni madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu, tundu liko pembeni. Ndege akifa tunasema ni baridi. Baridi gani Kyela?

La pili ni baya zaidi kwa sababu halina harufu. Kasuku hupanda kwa mdomo. Anashika waya, anang'ata, anabandua rangi kidogo kidogo na kumeza. Kama rangi ile ina madini ya risasi, kipande kinakaa kwenye firigisi, kinasagwa pamoja na chakula, sumu inaingia kwenye damu. Anatapika, anadhoofika, kinyesi kinabadilika rangi, mwisho anapata degedege. Zinki nayo ni sumu kwake, na ndiyo iliyopakwa kwenye wavu wa kuku ambao mafundi wetu wanaupenda sana kwa kutengenezea matundu.

Hapa ndipo ninapokasirika. Petroli yenye risasi nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006, tukapiga makofi. Rangi je? Taasisi ya AGENDA ya Dar es Salaam imepima rangi za mafuta zinazouzwa nchini zaidi ya mara moja, ikakuta nyingine zimejaa risasi. Umoja wa Mataifa unashauri kikomo cha sehemu 90 tu kwa milioni. Sasa nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uulize kama rangi hii ina risasi. Mimi nimeuliza. Muuzaji mmoja alinicheka, akaniuliza kama nataka kuinywa. Mwingine alinigeuzia kopo: rangi ya njano, picha ya nyumba nzuri, basi. Kiwanda kinajua kilichoweka ndani. Kwa nini mnunuzi asijue?

Na tusijidanganye kwamba hii ni habari ya ndege peke yake. Rangi ileile iko kwenye kitanda cha mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto naye hujifunza dunia kwa mdomo, ila yeye haanguki kama ndege. Anachelewa tu kuelewa darasani, na sisi tunamwita mvivu.

Kwa hiyo ukilazimika kupaka, mhamishe ndege kabisa, nyumba nyingine ikiwezekana. Fanya kazi nje. Rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu, vumbi lake ndiyo sumu yenyewe. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, watoto wakae mbali, takataka zikusanywe zote. Wavu mpya wa zinki usugue kwa brashi na siki, suuza, anika. Hiyo inapunguza zinki iliyolegea, haiimalizi. Tumia rangi ya maji ambayo kopo lake limeandikwa wazi kwamba haina risasi, paka nyembamba, acha ikauke wiki kadhaa na si usiku mmoja. Kwa unyevu wa Kyela, ongeza siku. Ukisikia harufu hata kidogo, bado.

Na kama kopo halisemi kitu? Lirudishe kaunta, mbele ya wateja wengine, na umwambie muuzaji sababu. Tundu lisugue kutu, lioshe, liache bila rangi. Kasuku wako hajawahi kulalamikia muonekano wake. Mtie kijiti cha mpera asimamie, atang'ata hicho.