DAMU CHANGA SI DAMU YA BURE



Kijana wa West Indies, ndugu yangu, dada yangu, maneno haya ni yako.

Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Eldoret walipoingia barabarani, waliitwa kila jina. Eti ni damu changa, itapoa tu. Eti mtoto wa Uasin Gishu anathubutu vipi kumpinga rais wa kwao? Hebu tuulizane: bei ya unga dukani inakuuliza unatoka kwa nani?

Tuangalie yaliyotokea. Mswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Kelele zikapigwa, kodi hiyo ikaondolewa hata kabla ya kura. Tarehe 25 wabunge 195 wakaupitisha Mswada, 106 wakaukataa. Kesho yake rais akatangaza hatautia sahihi. Mniambie ni kikao gani cha wakubwa kilichowahi kupata hayo kwa muda kama huo.

Lakini tusidanganyane, bei ililipwa. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Thelathini na tisa! Na kila mmoja ni mtoto wa mtu.

Kwa hivyo kuna watu wawili usiwasikize.

Wa kwanza ni anayekwambia kaa kitako, dhulma haikuhusu maadamu haijabisha mlangoni kwako. Huyo mkumbushe Hilf al-Fudul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake Makka, akapiga kelele, na watu wakaapa pamoja kusimama na mdhulumiwa mpaka apate haki yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwepo, na wakati huo alikuwa kijana. Hata baada ya utume aliusifu mkataba ule. Sasa nani anasema ujana ni ugonjwa?

Wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu anakusifu. Amekaa kwenye kochi lake, simu mkononi, anakuandikia "songa mbele, usirudi nyuma". Muulize: wewe uko wapi? Ukishikwa, atakuja kituoni? Mamako akisimama nje ya geti usiku na baridi ya Eldoret, atamletea hata leso? Anayetaka damu yako na hataki hata nauli yake itoke, huyo si mwenzako.

Na tuambiane ukweli sisi kwa sisi. Siku ile hapa mjini kuna waliopora mali ya watu. Aliyebeba televisheni hakubeba haki ya mtu yeyote. Alimpa mkubwa kisingizio, na risasi ikaenda kwa asiyeiba.

Mimi sikwambii usitoke. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Nakwambia toka ukijua. Usitoke peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda. Andika namba ya wakili kwenye mkono kwa kalamu, maana simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Ukishikwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kunyamaza, haki ya kuongea na wakili, na haki ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeisha korti imefungwa.

Na nyinyi wazee wetu, kwa heshima zote: mkichoka kukimbia hatuwalaumu, miguu ina umri wake. Lakini mna mawakili mnaowajua, mna majina yanayosikika kituoni, mna pesa ya dhamana. Msitufundishe woga halafu mkauita hekima. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kijana, moyo wako ni amana. Usiufukie kwa woga, na usimpe mtu autumie kama kuni.

Allah awarehemu waliotangulia, na awape subira mama zao. Amin.