Sabuni ya Vyombo Ibaki Jikoni

Imekuwa desturi sasa katika mabweni yetu kwamba mvulana akiishiwa na sabuni huenda jikoni kuomba kifuniko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akajimiminia kichwani, na akisha kuona povu jingi huamini kwamba ametakata. Kwa sababu hiyo wenzetu wengine wametoa shauri kwamba kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi aje na chupa ya shampuu, nayo iandikwe katika orodha ya vitu vya lazima pamoja na karatasi na ufagio. Mimi napinga yote mawili.

Sabuni ya vyombo kazi yake ni kung'oa mafuta yaliyoganda sufuriani. Nguvu yake si haba: huko Marekani ndege wa baharini waliopakwa mafuta machafu ya meli huoshwa kwa sabuni ya namna hiyo. Lakini kichwa si sufuria. Kando ya kila unywele ngozini mna tezi ndogo itoayo mafuta, na mafuta hayo ndiyo huzuia ngozi isikauke. Nywele zetu za kujisokota huyapata kwa shida, maana hayateremki upesi katika unywele uliopinda. Ukiyaondoa kila asubuhi, kichwa kitawasha na kutoa magamba, na wenzako watasema una mba.

Najua atakayenijibu atasema kwamba kitu kitoacho povu katika shampuu nyingi ni kile kile kilichomo katika sabuni ya vyombo. Ni kweli, wala aliyeitumia mara moja hatadhurika sana. Lakini shampuu huchanganywa na vitu vya kulainisha, na ukali wake hupimwa upatane na ngozi. Sabuni yetu ya jikoni, kama ilivyo nyingi hapa Uganda, hutengenezwa nyumbani na kuuzwa katika chupa kuukuu za maji. Ukali wake hutegemea mkono wa aliyeikoroga siku ile.

Je, basi tununue shampuu? Kwa nywele zipi? Kanuni ya shule yataka nywele fupi, na katika shule nyingi za nchi hii hata wasichana hunyoa. Kichwa cha namna hiyo chahitaji maji ya kutosha na ncha za vidole siku zote, na sabuni ya mche mara moja kwa juma, basi. Neno shampuu lenyewe limetoka India, na asili yake ni kukanda, wala si povu! Sabuni ya mche nayo ina ukali wake, kama alivyoona kila aliyeijaribu kwa karatasi nyekundu ya litmus ikageuka buluu. Kwa hiyo isuuzwe vizuri. Na maji ya kisima yakiwa magumu, sabuni hiyo huacha utando mweupe kichwani, ambao wengi huudhani kuwa mba, wakaongeza sabuni.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi ni mapunye. Wadogo wetu wa kidato cha kwanza wakiona duara la kipara kichwani huona haya, hujificha bafuni na kujisugua kwa sabuni kali mpaka ngozi ikachubuka. Mapunye ni kuvu, tena kuvu hiyo imeingia ndani ya unywele, mahali ambapo povu halifiki. Hata shampuu ya dawa hupunguza tu kuenea kwake. Kinachoponya ni vidonge, kama vile griseofulvin, ambavyo humezwa kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, kwa amri ya mganga. Mtoto anayejisugua badala ya kwenda zahanati anaambukiza bweni zima, na yeye mwenyewe aweza kubaki na kovu lisiloota nywele.

Tena ugonjwa huu hausababishwi na umaskini wa sabuni. Huenda kwa kitana, kofia, taulo na mashine ya kunyolea. Bweni letu lina mashine moja, na siku ya Jumamosi hupita vichwa 40 bila meno yake kusuguliwa hata mara moja. Kisha twasema kwamba fulani ni mchafu kwa kuwa hana shampuu! Wapo kati yetu ambao ada yao hulipwa kwa mafungu, na chupa hiyo kwao ni fedha ya daftari.

Wanafunzi wa zamani huuliza kila mwaka watuletee zawadi gani. Mwaka huu naomba mashine mbili za kunyolea, brashi ya kusafishia meno yake, na dawa ya kuua vijidudu. Nao viranja watakapokutana kuhusu ile orodha, nawaomba waifute shampuu, na mahali pake waandike taulo moja kwa kila mtu, lenye jina lake.