Damu Yetu Imefika Kampala, Majibu Hayajarudi

Sisi wagonjwa wa sukari wa upande wa Bwera, wilayani Kasese, Uganda, tunajuana kwa benchi. Siku ya kliniki tunafika ukungu ungali mlimani, matumbo matupu kwa sababu tumeambiwa tusile, na wapo walioanza kuteremka kwa miguu tangu saa kumi usiku. Tunaketi, tunasalimiana, tunaulizana habari za miguu, maana kwetu mguu unaulizwa hali kama mtoto. Saa nne nesi anatokea mlangoni, anatutazama kwa huruma, kisha anatamka neno tulilolizoea: "Leo stripu hazipo." Kuna mzee mmoja ambaye kila mwezi humjibu vilevile: "Sasa sista, njaa yote hii tumeifunga kwa ajili ya nani?"

Nesi hatumlaumu. Stripu za kupimia sukari si yeye anayezitengeneza, na tumemwona akinunua za mfukoni mwake kumpimia mtoto aliyeletwa amelegea. Sisi tunawanung'unikia wale wanaokuja na masanduku ya barafu.

Hao wakija hawakosi kitu. Mashine zao ni mpya, stripu zimejaa, glavu hawahesabu. Wanatusomea karatasi ya ridhaa, tunaweka dole gumba, wanatupima kiuno na presha, wanatutoa damu chupa tatu, wanatuuliza tunakula bundu, ugali wetu wa muhogo, mara ngapi kwa wiki. (Mara ngapi! Muulize samaki anakunywa maji mara ngapi.) Halafu tunapewa nauli, mche wa sabuni na soda. Soda, jamani, kwa watu wa sukari. Wanafunga sanduku, wanasema majibu yatakuja, gari linashika barabara ya Kasese. Mama mmoja wa kwetu ametolewa damu na makundi matatu tofauti, na mpaka leo hakuna aliyemwambia ndani ya damu ile mlionekana nini. Anasema amekuwa kama ng'ombe wa maziwa, ila ng'ombe hupewa majani.

Msituelewe vibaya. Hatusemi utafiti ni mbaya. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi ya Dkt. Mondo na wenzake iliyofanywa katika wilaya hii hii ya Kasese. Walipima watu zaidi ya 600, wakakuta mmoja kati ya watano ana presha na karibu 9 katika kila 100 wana sukari. Mwaka uliofuata serikali ilipima nchi nzima, na hesabu ya sukari ikatoka 1.4 katika kila 100. Tazameni tofauti hiyo. Inawezekana vipimo vilitofautiana, inawezekana watu waliopimwa hawakuchaguliwa kwa njia moja. Lakini mtu akikwambia kwamba nyumbani kwako moto unawaka mara sita kuliko kwa jirani, hata kama amekosea kuhesabu, si ungemwomba arudi aangalie tena? Na sisi benchi letu linazidi kubana, jambo ambalo halihitaji mtaalamu.

Kisha kuna habari ya vijana wembamba. Tuliambiwa zamani kwamba sukari ni ya matajiri, watu wa vitambi. Sasa wanaletwa vijana wa miaka 17, mifupa mitupu, watoto wa wachimba chumvi wa Katwe na wabeba mizigo wa mpakani Mpondwe. Mama ya mmoja wao huhifadhi insulini ndani ya chungu kilichowekwa katika chungu kingine, katikati mchanga mbichi, kwa kuwa friji hana na umeme haujafika. Kila asubuhi anaumwagia mchanga ule maji kama anayelea kitalu. Insulini ilichomwa mtu kwa mara ya kwanza Toronto, Januari 1922. Miaka zaidi ya 100 imepita, na mama huyu bado hutuma mtu wa boda mbele kuulizia kama ipo kabla hajatumia nauli ya kwenda kuifuata.

Kuhusu vijana hao wataalamu wamepata jambo. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliochukua vijana wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, karibu 900, wote wakiwa wameandikiwa aina ya kwanza ya kisukari, ile ambayo kinga ya mwili inaigeukia kongosho na kuila. Wengi wao, zaidi ya nusu, damu yao haikuwa na alama za kinga hiyo kabisa. Maana yake kitu kingine kinawaharibia kongosho, na hakijajulikana vizuri. Mwaka huo huo shirikisho la kimataifa la kisukari lilikubali kuitambua aina ya tano, inayohusishwa na njaa ya utotoni. Waganga walikuwa wameshaiona Jamaica tangu 1955. Imechukua miaka 70 kupewa namba. Sisi tuliposikia tulitazamana. Njaa ya utotoni tunaijua kwa majina ya miaka yake. Lakini habari yenyewe ilitufikia kwa redio ya mtu aliyekuwa anapita, si kwa yeyote aliyewahi kutufunga mpira mkononi.

Na rovu je? Wazee wetu wa juu milimani wanatembea na shingo zilizovimba, na hakuna anayeshangaa. Ng'ambo kwa ndugu zetu wa Kongo, kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu, madaktari wa Ubelgiji walianza kuchunguza jambo hilo miaka ya 1960. Waliona ajabu: kisiwa kizima kilikosa madini joto, lakini rovu lilijaa upande wa kaskazini kuliko kusini magharibi. Wakafuatilia chakula, wakakuta muhogo. Sumu ya muhogo ikiingia mwilini hugeuzwa kitu kinachoizuia tezi ya shingo kuchukua hata yale madini joto machache yaliyopo. Huo ndio utafiti tunaoutaka, unaoingia jikoni na kunusa sufuria. Sisi ni watu wa bundu. Bibi zetu waliloweka muhogo siku kadhaa, wakauvundika, wakauanika, wala hawakuhitaji maabara. Siku hizi unga tunanunua sokoni, na nani anajua muhogo huo ulilowekwa usiku mmoja au hata mmoja haukufika? Septemba 2017 watu 98 waliugua hapa Kasese kwa unga wa muhogo wenye sumu, wawili wakafa. Wachunguzi walikuja, wakapima unga, wakasema ni nini.

Hapo ndipo penye kero yetu hasa. Wakitaka, majibu huja! Juni 2019 mtoto aliyevuka mpaka akitokea Kongo aliingia hospitalini akiwa mgonjwa. Damu yake ikapelekwa Entebbe, na tarehe 11 taifa zima likajua kuwa ni Ebola. Haikuchukua wiki. Pikipiki za maabara bado zinapita kila mara kuchukua damu za wenzetu wanaotumia dawa za UKIMWI, zinapelekwa Kampala, zaidi ya kilomita 300, na majibu yanarudi. Tunashukuru kwa hilo, ndugu zetu wanaishi. Lakini mwenye rovu akihitaji kupimwa homoni ya tezi anaambiwa auze mbuzi aende mwenyewe mjini. Pikipiki ile ile, barabara ile ile, sanduku lile lile. Chupa moja zaidi ingelivunja?

Kuna na kile kipimo cha miezi mitatu, kinachoonyesha sukari ilivyokuwa muda wote huo. Tukikipata, kwa bahati, tunafurahi kama tumeshinda kesi. Lakini mjomba mmoja mwenye asili ya Bwamba, ng'ambo ya mlima, alituletea mashaka. Kwao selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imeenea. Mwaka 1949 Lehmann na Raper waliandika kwamba karibu nusu ya Wabamba walikuwa na chembe zake. Na kwa mwenye chembe hizo kipimo kile kinaweza kutoa namba ya chini kuliko ukweli. Akasema, "Kwa hiyo mimi karatasi yangu ni nzuri, miguu yangu inawaka moto. Niamini ipi?" Hakuna aliyemjibu. Huyo mtu ni utafiti mzima, ameketi kwenye benchi bure, na hahitaji kusafirishwa kokote.

Basi ninyi mnaokuja na masanduku, tunawaomba. Mkija tena tutatoa damu, hatukatai, mishipa imeshazoea sindano. Ila kabla ya kuandika karatasi zenu, tuulizeni na sisi tungependa kujua nini. Mkiondoka, waachieni manesi zile stripu zilizobaki. Na mkipata majibu, hata kama hamkupata kitu, rudini mtuambie kwa Kikonzo au kwa Kiswahili, mkiwa mmeketi kama tunavyoketi sisi. Benchi liko chini ya mwembe, upande wa jiko la wauguzaji. Fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, maana siku ya soko tukishapimwa tunakimbilia Mpondwe.