Sahihi Peke Yake Haimfungi Mtu

Hapa Gachoka mtu akinunua shamba huita wazee, huchinja mbuzi, na kuhesabu pesa mbele ya mashahidi. Kisha pande zote mbili hutia sahihi. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, yataka ardhi ya kilimo iuzwe kwa idhini ya bodi, na ombi la idhini lipelekwe kabla ya miezi 6 kwisha. Mwuzaji akigeuka, mnunuzi asiye na idhini aweza kuambiwa mahakamani kwamba mkataba wake ni batili: adai pesa zake, si shamba. Mbuzi ameliwa, mashahidi wapo, lakini mkataba hauna meno.

Taifa letu nalo limewahi kununua shamba kwa namna hiyo. Mwaka wa 1997 wabunge wa KANU na wa upinzani waliketi pamoja katika kundi la IPPG wakakubaliana juu ya mageuzi. Mengine yaliandikwa katika sheria mwaka huo huo: leseni ya mkutano wa hadhara iliondolewa, ikabaki kuwaarifu polisi tu. Lakini jambo moja kubwa liliachwa katika kuaminiana: kwamba vyama vya upinzani vipendekeze makamishna 10 wa Tume ya Uchaguzi. Katiba iliendelea kumpa Rais uwezo wa kuwateua.

Januari 2007 Rais Kibaki, ambaye chama chake cha DP kilikuwa katika upinzani mwaka wa 1997, aliteua makamishna wapya bila kushauriana na wapinzani wake. Kilio chao kilikuwa cha haki, lakini hakikuwa na mahakama ya kupelekwa, kwa maana hakuna kifungu kilichovunjwa. Hatusemi kwamba uteuzi ule peke yake ndio ulioleta maafa yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Twasema kwamba taifa lilikwenda kupiga kura chini ya tume ambayo upande mmoja haukuiamini.

Ulinganisheni na Mkataba wa Kitaifa wa Februari 28, 2008. Huo Bunge liliutungia sheria mwezi uliofuata na kuuingiza katika Katiba. Rais hakuweza kumfuta Waziri Mkuu kwa kalamu yake. Sharti Bunge lipige kura. Serikali ile ya mseto iligombana kila kukicha, lakini ilidumu hadi uchaguzi wa 2013.

Wako ndugu wasemao kwamba kwa Mkristo neno latosha. Yakobo alimtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea. Wala hapakuwa na hakimu wa kumshtakia. Sheria haimtukani mwaminifu. Humlinda mnyonge siku ile mwenye nguvu anapobadili nia.

Basi viongozi wakituletea mkataba, tuuulize maswali matatu. Ni nani aliyefungwa, kufanya nini, na kabla ya siku gani? Ni nani awezaye kumshtaki, na mbele ya mahakama ipi? Mahakama itaamuru nini? Mkataba usiojibu hayo ni ahadi njema tu. Tusiuchinjie mbuzi.