Ufa Uliopakwa Chokaa



Wengi wetu twaikumbuka hofu ya mwishoni mwa 1999. Programu nyingi za kompyuta ziliandikwa zamani, nafasi ya kuhifadhi taarifa ilipokuwa ghali mno. Kwa hiyo mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili tu. Ikifika 00, mashine ingeweza kudhani ni 1900.

Mafundi walikesha. Baadhi yao walipanua nafasi ya mwaka ikawa tarakimu nne. Wengine, kwa kubanwa na muda, waliiagiza programu isome 00 hadi 19 kuwa miaka ya 2000, na 20 hadi 99 kuwa ya 1900. Mambo yakaenda salama, na watu wakacheka: mbona hakuna kilichotokea? Walisahau kwamba usalama ule ulitolewa jasho. Lakini mwaka 2020 ulipoingia, baadhi ya programu zilizosahauliwa zilikosea tena.

Sasa laja jingine. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na nafasi ya hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Naona ni haki fundi aombaye fedha na muda ili arekebishe kasoro isiyoonekana asikilizwe leo. Maana kuupaka ufa chokaa si kuuziba. Ni kuwarithisha watoto wetu deni. Nasi majumbani mwetu, tumepaka chokaa ufa upi?