ADA YA MAGARI NA VIJANA WA BARAZANI

Sisi wenye maduka ya Darajani hatukatai ada ya kuegesha magari. Vichochoro vya Mji Mkongwe, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, vilifanywa kwa waendao kwa miguu na kwa punda. Lakini twauliza: fedha hizo zaenda wapi? Mteja ashuka kununua kilo mbili za mchele, akirejea akuta ada yashinda faida yetu sisi. Wiki ya pili haji. Na vijana wa mtaa wetu, waliokwisha skuli, washinda barazani tangu asubuhi hata magharibi. Karakana hawana, darasa la jioni hawana, hata mpira (aibu iliyoje!) wanunua kwa kuchangishana. Basi hesabu ibandikwe hadharani kila mwezi: kilichotozwa, na kilichowafikia vijana. Sisi twaandika daftari kila usiku. Mtoza ada ana udhuru gani?